Walimjengea Kipofu Mteremko

Eufrasia hapendi kushikwa mkono na mtu ambaye hajamsalimia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowashinda wale watu wa Jumba la Sanaa Upeo tangu siku ya kwanza, na mtu aliyeshindwa na salamu usitegemee ataweza makubwa zaidi.

Anauza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga za kukaanga kwenye kibaraza cha nyumba yake pale Kambarage, mjini Shinyanga. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na pia ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Wateja wanamwita Mama Vumilia, kwa jina la binti yake aliyeko shule ya bweni. Haoni kabisa, na anajiita kipofu bila kung'ata maneno. Wale wa Upeo walimwita "mgeni mwenye changamoto ya uoni". Akawauliza changamoto ya nini, wakati macho hayapo na yeye ameshazoea.

Kuna watu wanadhani kipofu lazima awe mpole, akae amenyamaza, apokee chochote anachotupiwa na aseme asante. Hao hawajakutana na Eufrasia. Nimegombana naye kuhusu kuku wangu wanaokula karanga zake, na sijawahi kushinda. Hapokei sadaka. Ukimwachia chenji kwa huruma anakuongezea karanga mpaka mfuko unapasuka, tena kwa hasira.

Alizaliwa kijijini nje ya Kahama, kwa watu wa ng'ombe na mpunga. Surua ilimpata kabla hajaanza shule, ikapona, macho hayakupona. Kulikuwa na shule za wasioona, lakini baba yake alisema hawezi kusomesha mtoto ambaye hata mahari hataleta. Basi Eufrasia akakua nyuma ya nyumba akichambua mchele. Wageni wakija aliambiwa aingie ndani. Mpaka leo akilitaja jambo hilo sauti yake inabadilika, na mimi humchukia baba yake ambaye sijawahi kumwona.

Shangazi yake ndiye aliyemtoa huko. Alikuwa na mgahawa wa maturubai Rwamgasa, upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, akahitaji mtu wa kumsaidia jikoni. Baba akaona amepunguziwa mzigo. Watu wa Rwamgasa wakamcheka shangazi kwa kuleta kipofu mahali penye moto na mashimo kila hatua. Eufrasia hakutumbukia shimoni, wala hakuunguza kitu. Alijifunza njia kwa kelele za makarasha yanayosaga mawe, akawa anapeleka uji hadi kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na akiwa njiani anawasema wasiolipa kwa majina yao.

Huko ndiko alikokutana na Luka Magesa, mchimbaji kutoka Musoma. Aliniambia kilichomvutia. Wanaume wengine walimfikia kimya kimya wakamshika bega ashtuke, wakacheka. Luka alikuwa anasema akiwa bado mbali, "Ni Luka, naja." Basi, ni hilo tu. Wakaoana, na watu wakasema Luka amerogwa, maana kwao mwanaume mwenye viungo vyake vyote hawezi kumchagua mtu wa namna ile bila dawa.

Kila alipopanda kutoka chini ya duara, Luka alikwenda moja kwa moja kuchuchumaa mbele ya mke wake. Eufrasia alimpitishia viganja usoni taratibu, paji, nyusi, pua, mdomo, vumbi lote likimhamia yeye. Ndivyo alivyohakikisha mume wake amerudi mzima. Wenzake walimtania kwamba ana mkaguzi wake binafsi wa migodi. Luka alikuwa anawajibu kwamba wao wana vioo, yeye ana Eufrasia.

Kisha akaja Fredy. Huyu alikuwa msanii kijana kutoka Dar es Salaam, nywele amesuka, na ndoo za plasta ile ya hospitali ya kufungia mfupa uliovunjika. Alikuwa anawalaza wachimbaji chini, anawapaka mafuta, anawafunika uso kwa plasta huku wanapumua kwa mirija, hadi ikauke. Halafu anatumia lile ganda kama kalibu, anamwagia plasta nyingine ndani, inatoka sura ya mtu kama alivyo. Wengi walikataa, wakisema hiyo ni njia ya kuiba nyota ya mtu. Luka alikubali kwa sababu alipenda kujua mambo. Ganda lilipobanduliwa likaondoka na sehemu ya masharubu yake. Eufrasia alimpapasa mdomo akacheka siku nzima. Fredy akafunga sura zake kwenye magunia, akaaga, akaenda zake.

Masika iliyofuata duara la Luka lilititia. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yalikatika na udongo ukawafunika waliokuwa chini. Wenzao walichimba kuwatafuta mpaka kuta za maduara ya jirani nazo zikaanza kuachia. Ikaamuliwa waache, shimo lifukiwe, wasife wengine. Padri aliletwa akasoma ibada juu ya kifusi.

Kwetu mtu akifa, mwili unaletwa nyumbani, jeneza linafunguliwa, watu wanajipanga mstari, mmoja mmoja anapita kuaga. Hapo ndipo moyo unakubali. Wenye macho wanatazama. Eufrasia alimuaga mama yake na shangazi yake kwa mikono, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Kwa Luka alisimama juu ya udongo ambao ulikuwa udongo tu, wakamwambia mume wako yuko humu. Hakuamini udongo.

"Nimefiwa, Mama Scola," alikuwa akiniambia, "lakini sijaaga. Mimi bado nasubiri apande."

Alihamia Kambarage, kwenye nyumba ambayo Luka aliijenga kidogo kidogo. Ndugu wa Luka walikuja kutoka Musoma, wakala, wakasema msiba umekwisha, sasa aendelee na maisha. Hakuendelea. Anafanya kazi, anacheka, anasengenya kama sisi wote, lakini buti zikipita barabarani neno linamkatikia mdomoni, anageuza kichwa na kusikiliza. Miaka inapita hivyo. Mimi na uenyekiti wangu nilimsalia, nikamshauri, nikamletea hadi mashemasi, na yote hayo yakawa bure.

Sasa nieleze hilo jumba. Lilikuwa ghala la pamba. Bei ya pamba iliposhuka likabaki la popo, mpaka wakaja watu wenye wafadhili, wakalipaka rangi nyeupe ndani na nje na kuandika ukutani kwa herufi za kimo cha mtoto: SANAA KWA WOTE. Meneja wao ni Madamu Aneth, dada wa umri wa binti yangu, ambaye tangu afike mjini sijamsikia akimwamkia mtu. Anasema "habari zenu" akiwa anatazama simu.

Walipania kuonyesha kwamba jumba lao linapokea watu wa kila hali. Wakajenga mteremko pembeni mwa ngazi, wakaufunika vigae vinavyong'aa kama sahani. Mvua ikinyesha hata mbuzi hapandi pale. Fundi viatu wa stendi, anayetembelea baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, alijaribu siku ya uzinduzi. Alifika katikati, magurudumu yakakataa, akateremka kinyumenyume mpaka barabarani. Wakamwomba ajaribu tena, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Choo walichoandika ni cha wenye ulemavu kina ufunguo, na ufunguo anakaa nao mfagizi, kwa kuwa ndimo anamoweka mifagio.

Mimi nisingelijali jumba hilo hata kidogo. Lakini asubuhi moja mteja aliyewahi kuchimba Rwamgasa alisimama kibarazani kwa Eufrasia akanunua karanga, na kwa nia njema kabisa akasema, "Mama Vumilia, nimemwona Luka. Yuko ukutani pale Upeo. Ni yeye kabisa, hadi lile kovu la nyusi."

Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia kopo la kupimia linaanguka. Nilipofika Eufrasia alikuwa ameshaanza kufunika ungo wake.

"Mama Scola, nipeleke," akasema. "Nataka kumshika uso. Nikimshika nitamuaga, na nikimuaga nitapumzika."

Alioga, akavaa kitenge chake cha Pasaka, tukaenda. Njiani hakuongea, na kwa Eufrasia hiyo ni habari.

Madamu Aneth alipoona kipofu anaingia getini alifurahi mpaka nikaogopa. Alimdaka Eufrasia mkono bila salamu, Eufrasia akauchomoa. Akaletwa mpiga picha. Ikaletwa fimbo nyeupe mpya, bado ina karatasi ya dukani, akapewa aishike. Wakampandisha mteremko, wakamshusha, wakampandisha tena, kwa kuwa mara ya kwanza jua lilikuwa vibaya. Mwanamke anayepanda ngazi za kanisa letu kila Jumapili bila kushikiliwa na mtu, wakamjengea mteremko na kumtembeza juu yake kama ng'ombe wa maonyesho. Picha zilipowatosha, fimbo ikachukuliwa. Ni mali ya Jumba, wakatuambia.

Ndani wakamvisha vifaa vya masikioni. Akasikiliza kidogo, akavivua, akaniambia kuna mwanamke anaongea Kiingereza na anaonekana ana mafua. Madamu akasema tafsiri ya Kiswahili iko njiani. Kisha akatuonyesha kwa fahari maelezo ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Waliyatundika ukutani nyuma ya kioo.

"Mbona kuna kioo?" nikauliza.

"Ili yasichafuke," akasema.

Eufrasia akapapasa kioo kile. "Mimi sikusoma," akasema. "Lakini hata ningesoma, hapa ningesoma kioo."

Sura zilikuwa chumba cha mwisho. Zimetundikwa kwa mstari kwenye ukuta mweupe, nyeupe zenyewe, macho yamefumbwa. Yule mteja hakukosea. Mimi namjua Luka kwa picha ya harusi iliyoko sebuleni kwa Eufrasia, na nilimtambua mara moja. Nikamsogeza rafiki yangu hadi mbele yake. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," akasema mlinzi.

Mlinzi anaitwa Chacha, mtu mzima, Mkurya. Alilisema kwa aibu, nimpe haki yake. Madamu Aneth hakuwa na aibu. Alieleza kwamba mikono ya watu ina mafuta, kwamba kazi hizi ni nyeti, na kwamba sanaa ya aina hii imekusudiwa kutazamwa. Alimwambia hivyo mtu asiye na macho, kwa sauti tamu ya mwalimu wa chekechea.

"Huyu ni mume wangu," Eufrasia akasema. "Amefukiwa Rwamgasa. Sikumuaga."

Unadhani uso wa Madamu ulibadilika? Ulibadilika, ndiyo. Ukang'aa. Akasema hiyo ni simulizi yenye nguvu sana, na kama Eufrasia yuko tayari wangeirekodi kwa ajili ya wafadhili. Kuhusu kugusa akasema pole, lakini yeye mwenyewe angemwelezea sura hiyo kwa maneno ili asikose chochote. Akasimama mbele ya Luka, akakunja mikono, akaanza kusema huu ni uso unaozungumza na ukimya wa ardhi.

"Kovu la nyusi liko?" Eufrasia akamkatiza.

Madamu akachungulia. "Sidhani kama kovu lina umuhimu kwenye dhana ya kazi hii."

Nilimtoa Eufrasia nje kabla sijasema neno ambalo mwenyekiti wa jumuiya hapaswi kulisema. Alikaa kibarazani kwake mchana ule bila kuuza kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, na sikuweza kuitazama.

Nikarudi mwenyewe kumwomba Madamu. Nilijishusha, nikaongea kama naongea na mkwe. Akasema atalipeleka kwenye kamati. Kamati ikakaa, maana watu hao wanapenda kukaa, na baada ya majuma kadhaa jibu likaja kwamba mgeni ataruhusiwa kugusa kwa heshima, akiwa amevaa glavu. Tukaenda. Glavu zenyewe zilikuwa zile nene za kuoshea vyombo, za njano. Mpiga picha alikuwa ameshasimama tayari.

Eufrasia alivaa moja, akaminya vidole vyake mwenyewe, akaivua.

"Mwanangu," akamwambia Madamu, "mimi nikivaa hii ni sawasawa na wewe kujifunika gunia kichwani uende kutazama picha. Utaona nini?"

Madamu akasema hilo ndilo lililowezekana. Akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba tufanye haraka kuamua, kwa sababu maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi na sura zote zinasafirishwa kwenda Ulaya. Zimeshapata jumba huko.

Niliitafuta namba ya Fredy, nikampigia. Aliikumbuka Rwamgasa, akasema shikamoo, akasikitika kwelikweli. Lakini sura si zake tena, akasema, Jumba limeshazinunua na yeye hana kauli. Nikamuuliza kama Jumba lilimnunua na Luka pia. Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Basi, Alhamisi jumuiya ikakutana kwangu. Tulisali, halafu nikawaeleza akina mama jambo lote bila kupunguza. Hakuna aliyependekeza kamati. Mama mmoja mzee, ambaye siku nyingi husinzia kuanzia litania hadi baraka, aliuliza swali moja tu: mwili uko wapi? Nikasema uko pale ghala la pamba, mwili wa plasta. Akasema, kama mwili upo na mjane yupo, tunangoja nini? Kwa hiyo tukapanga msiba.

Siku ya kufunga maonyesho wageni wakubwa walikuja kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na Wazungu wao, wamevaa mashanga ya Kisukuma waliyouziwa getini. Fredy naye alikuwepo, amesimama pembeni ameshika glasi ya juisi. Sisi tulifika saa za alasiri kwa miguu kutoka Kambarage, tumejifunga kanga viunoni na vichwani kama tunavyojifunga siku ya msiba, Eufrasia mbele mkono wake begani kwangu. Tuliimba wimbo wa kuaga tangu barabarani, wala si kwa sauti ya kutisha mtu.

Mlangoni alikuwa Chacha. Nilishaandaa maneno ya kumwambia. Hayakuhitajika. Alitusikiliza, akatazama kanga zetu, akamtazama Eufrasia. Akavua kofia yake na kusogea pembeni, kama afanyavyo mwanaume yeyote aliyelelewa anapokutana na msafara wa msiba.

Wageni, wale waliosoma, hawakuelewa. Tulipoingia wakaacha kuongea, wakatabasamu, wakatupisha njia huku wakitoa simu zao. Nilimsikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba hii haikuwa kwenye ratiba, lakini ni ubunifu wa hali ya juu. Madamu Aneth alikuja mbio na mdomo wazi kutuzuia. Kisha akamwona mfadhili wake mkubwa ameweka mkono kifuani na macho yamemlowa, akafunga mdomo. Akasimama pembeni yake akaanza kuitikia kwa kichwa kama vile alilipanga yeye.

Nilimfikisha Eufrasia mbele ya ukuta. Nikamwambia yuko hapa, kimo chake kilekile. Akina mama wakashusha sauti wakabaki wanaunguruma wimbo bila maneno. Akanyanyua mikono na safari hii hakuna aliyesema hairuhusiwi.

Alianzia kwenye paji. Akashuka kwenye nyusi, akalipata kovu, akatulia hapo. Akafika kwenye macho yaliyofumbwa, vidole vyake vikasita, kwa sababu Luka wake siku zote alimchuchumalia macho yakiwa wazi, kope zikimchezea kwenye viganja. Pua. Chini ya pua akaanza kutafuta kwa ncha ya kidole, polepole, na nikaona alichokipata. Ndani ya plasta zilikuwa zimenasa nywele mbili tatu nyeusi za masharubu. Watu walikuwa wamepita mbele ya ukuta ule miezi yote hiyo wakiongea kuhusu ukimya wa ardhi.

"Ni wewe," akasema.

Nikamshikilia. Alilia kilio ambacho nilikuwa nimekisubiri kwake tangu ahamie jirani yangu, kile kinachotoka tumboni, akimwita kwa Kisukuma na kwa Kiswahili na kwa maneno ya Kijita aliyofundishwa na Luka mwenyewe. Mimi nililia. Sote tulilia, hata wale ambao hawakumfahamu. Alipotulia akaweka kiganja kizima juu ya shavu lile.

"Baba Vumilia, nilikungoja juu. Nilidhani unachelewa. Sasa nimeelewa kwamba hupandi. Mtoto anasoma, nyumba ina bati. Wabeja, baba, asante. Nenda."

Akageuka akasimama kando ya ile sura, mahali pa mjane, na akina mama wakaanza kupita mmoja mmoja kuaga, kila mmoja anaweka mkono, anajifanyia ishara ya msalaba, anasonga mbele. Chacha aliacha lindo lake akaja kupita na yeye.

Hapo ndipo wageni walipojiunga. Naapa. Walijipanga nyuma ya akina mama wetu na glasi zao mikononi, wakapita mbele ya Luka, wakainama, wakasema "inaumiza sana", wakapiga picha. Kijana mmoja aligeuka akajipiga yeye pamoja na marehemu. Na wa mwisho alipomaliza kupita wakaanza kupiga makofi. Walianza wachache, kisha chumba kizima. Nimehudhuria misiba tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, misiba ya matajiri na ya watu waliozikwa kwa shuka la kuazima. Nimeona watu wakigombania mali mbele ya jeneza. Makofi sijawahi. Niliwadharau watu wale kwa dharau ambayo nimeipeleka kitubioni na padri amenisamehe, lakini bado ninayo. Fredy peke yake hakupiga. Alikuwa ameiweka glasi yake chini, amekaa sakafuni, uso amefunika kwa mikono.

Madamu Aneth alitufuata mlangoni. Alikuwa amechangamka, uso unang'aa, na kwa mara ya kwanza akasema shikamoo, tena kwa sisi wote.

"Mama Vumilia, mmetuinua sana leo. Wageni wanataka mrudie kesho asubuhi kabla hatujafunga masanduku, tuchukue video nzuri yenye mwanga. Vilevile kabisa mlivyofanya. Na kugusa nitaruhusu, hata bila glavu."

Eufrasia alikuwa anafunga kanga yake kichwani upya. Alimaliza fundo kwanza.

"Marahaba. Kwenu huko, mwanangu, mtu akifa mnamuaga mara ngapi?"

Nyuma yake makofi yalikuwa bado hayajaisha.

"Mimi wangu nimeshamuaga," Eufrasia akasema. "Hiyo mliyobaki nayo ni plasta. Ipelekeni mnakotaka."